Waarmenia wa Addis Ababa: Kanisa dogo, mkate mwembamba na jamii inayopungua

Katikati ya Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, yako makanisa mawili yenye jina moja la Mtakatifu George, na mgeni aweza kutoka katika moja hadi jingine kwa miguu. La kwanza ni kanisa kuu la Waorthodoksi wa Ethiopia. La pili ni dogo, nalo ni la Waarmenia, watu ambao asili yao ni nchi ya milima iliyoko kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Ziara ya siku moja baina ya makanisa hayo yatosha kuonyesha jinsi taifa dogo lilivyobeba imani na mkate wake hadi Afrika Mashariki, na jinsi mzigo huo ulivyo mzito kwa wachache waliosalia.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Kahendero, Kasese na Bwera, ambako asemaye Kiswahili nyumbani kwake huwa mmoja miongoni mwa wengi wasemao Lukonzo na lugha nyinginezo, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana kwenye ramani. Safari ya ndege kutoka Entebbe hadi Addis Ababa ni ya muda wa saa mbili hivi.

Watoto arobaini

Wafanyabiashara na mafundi wa Kiarmenia walianza kukaa Ethiopia katika karne ya 19, na idadi yao ikaongezeka wakati wa Mfalme Menelik wa Pili. Walikuwa masonara, mafundi cherehani, wachuuzi na wajenzi. Baada ya mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 katika himaya ya Ottoman, walikuja wengine ambao hawakuwa na nyumba ya kurejea.

Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Haile Selassie, alizuru Jerusalem. Huko aliwakuta vijana wa Kiarmenia, mayatima wa mauaji hayo, waliokuwa wakilelewa katika monasteri ya Waarmenia na kufunzwa kupiga tarumbeta na ngoma. Aliomba awachukue arobaini kati yao. Waethiopia waliwaita Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliodumu mpaka baada ya ufalme kuangushwa. Hivyo nchi ambayo haikupata kutawaliwa kama koloni iliimbiwa heshima yake kwa sauti iliyotungwa na mkimbizi.

Asubuhi: nyumba ya mkate

Ziara yaanzia katika kanisa kuu la Ethiopia, karibu na mtaa wa Piassa. Menelik aliamuru lijengwe kuwa ukumbusho wa ushindi wa Adwa wa mwaka 1896 dhidi ya Waitalia, na ndimo Haile Selassie alimotawazwa mwaka 1930. Jengo lina pembe nane, na waumini huvua viatu mlangoni.

Kila kanisa la Kiorthodoksi nchini Ethiopia huwa na kijumba cha pembeni ambacho mgeni hukipita bila kukitambua. Kijumba hicho huitwa Bethlehemu, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Ndimo mkate wa ushirika mtakatifu unamokandwa na kuokwa siku ile ile ya ibada. Kazi hiyo ni ya makasisi na mashemasi. Unga ni wa ngano, na mkate huo hutiwa chachu.

Hapo pana tofauti inayofaa kukumbukwa. Kanisa la Armenia na la Ethiopia ni ndugu. Armenia huhesabu kuwa ilipokea Ukristo kama dini ya dola mwaka 301, chini ya Mfalme Trdat wa Tatu, kwa mahubiri ya Mtakatifu Gregori Mwangazaji. Ufalme wa Aksum, ambao ndio chimbuko la Ethiopia, ulifuata katika karne hiyo hiyo ya nne wakati wa Mfalme Ezana. Makanisa yote mawili yalikataa maamuzi ya mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 kuhusu asili ya Kristo, na mpaka leo yamo katika jamii moja ya makanisa pamoja na Wakopti wa Misri na Wasiria. Hata hivyo, madhabahuni hutofautiana: Waethiopia huweka mkate uliotiwa chachu, ilhali Waarmenia huweka usiotiwa chachu, tena divai yao haichanganywi na maji.

Adhuhuri: chini ya kuba la Kiarmenia

Kanisa la Waarmenia wa Addis Ababa lilijengwa katika miaka ya 1930. Usanifu wa makanisa ya taifa hili hutambulikana kwa kuba linaloishia kwenye kilele kilichochongoka, pamoja na misalaba iliyochongwa juu ya mawe kama kazi ya darizi. Uchongaji wa misalaba hiyo, iitwayo khachkar, uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mwishoni mwa ibada ya Kiarmenia, waumini hupewa vipande vya mkate mwembamba uliobarikiwa. Mkate huu si ule wa ushirika wenyewe. Huweza kupelekwa nyumbani kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kufika kanisani. Kwa njia hiyo, asiyekuwapo naye hupata sehemu yake.

Alasiri: tanuri na mikono ya wengi

Mkate wa nyumbani wa Waarmenia huitwa lavash. Ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2014, na kuuona ukiokwa kwa desturi yake kamili humpasa mtu afike Armenia kwenyewe. Tanuri lake ni la udongo, huchimbiwa ardhini, na kwa Kiarmenia huitwa tonir. Msomaji wa Kiswahili asishangae akisikia mwangwi: neno letu tanuri, tuliloazima kutoka Kiarabu, na neno hilo la Kiarmenia huhesabiwa kuwa ya ukoo mmoja, wenye mizizi katika lugha za kale za Mesopotamia. 

Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi. Mwanamke mmoja hukata madonge na kuyasukuma. Wa pili huyatandaza yakawa mapana na membamba, kisha huyavuta juu ya mto uliojazwa nyasi kavu au sufu. Wa tatu huinama juu ya tanuri na kuupiga mto huo ukutani, unga ukanata. Baada ya muda usiozidi dakika moja huubandua mkate kwa ndoana. Lavash iliyokaushwa hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ikinyunyiziwa maji hulainika tena. Harusini huwekwa mabegani mwa bibi na bwana arusi, kuwatakia neema na uzazi.

Mjini Addis Ababa, chakula cha kila siku ni injera, iliyochachuka kwa siku kadhaa na kupikwa juu ya bamba la udongo. Siku za sikukuu huokwa pia dabo, mkate mnene wa ngano unaofungwa kwa majani ya mmea unaofanana na mgomba.

Waliosalia

Inakadiriwa kuwa katika miaka ya 1960 jamii ya Waarmenia nchini Ethiopia ilikuwa na watu wapatao 1,200. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, utawala wa kijeshi wa Derg ulitaifisha majumba na biashara, na wengi wakahamia Marekani, Kanada na Ulaya. Leo waliobaki hawafiki 100. Wamo waliooana na Waethiopia, na wasemao Kiamhari kwa ufasaha kuliko lugha ya babu zao.

Hatari inayowakabili haionekani katika jengo, kwa maana mawe huweza kutunzwa na mlinzi mmoja. Iko katika yale yanayodai mikono na sauti nyingi. Ibada ya Kiarmenia huimbwa, nayo huhitaji waimbaji; lavash huhitaji wanawake watatu au wanne kando ya tanuri moja. Katika nyumba ya Kahendero pia, mama aweza kusonga obundu wa muhogo peke yake, lakini lugha anayoizungumza jikoni haimfikii mtoto iwapo hakuna mwingine wa kumjibu.