Kurejea Kazini Baada ya Miaka ya Ulezi: Ufundi wa Mashine za Fotokopi

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, zimo nyumba nyingi ambamo cheti cha ufundi kimehifadhiwa kabatini, chini ya kanga. Mwenye cheti hicho alisoma, akafanya kazi, kisha akaolewa na kujaaliwa watoto, naye akaona kuwa ulezi unamtaka mzima. Miaka ikapita. Leo mtoto wa mwisho amekwenda skuli, karo imepanda, au mume amepunguzwa kazini. Au Mwenyezi Mungu amemchukua mja Wake na siku za eda zimekwisha. Hapo ndipo swali huzuka: je, ufundi nilioucha ungali wangu?

Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia kazi moja, nayo ni utengenezaji wa mashine za fotokopi maofisini. Ni kazi ya mikono na akili pamoja, na mwenye kuiacha kwa miaka minane au kumi huikuta imevaa sura nyingine. Wala ufundi si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, asili yake ni MIOME, taasisi iliyoasisiwa ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi.

Yaliyobaki vilevile

Kwanza tumtoe hofu anayerejea. Msingi wa mashine hii ni uleule aliouvumbua Mmarekani Chester Carlson, aliyefaulu kunakili maandishi ya kwanza kwa njia ya ukavu tarehe 22 Oktoba 1938. Dramu hupewa chaji ya umeme gizani. Mwanga huichora sura ya ukurasa juu yake. Wino wa unga, yaani tona, hunasa mahali panapostahiki. Karatasi hupita ikauchukua unga huo. Kisha joto na mgandamizo huuyeyusha ukashika. Aliyewahi kuifahamu safari hiyo ya karatasi hajaisahau, kwani kila hitilafu ina kituo chake njiani.

Hata mbinu za zamani zingali na faida. Doa likijirudia kwenye ukurasa kwa masafa sawasawa, fundi huchukua rula akapima. Masafa hayo ni mzingo wa kitu kinachozunguka: dramu yenye kipenyo cha milimita 30 hurudisha doa lake kila baada ya milimita 94 hivi. Kwa kipimo hicho pekee, fundi hujua ni roli ipi yenye kosa kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Yaliyobadilika

Mashine za zamani zilimulika karatasi kwa taa na vioo, na kila nakala ilihitaji kumulikwa upya. Za leo huisoma karatasi mara moja tu, zikaiweka kwenye kumbukumbu, kisha leza huichora juu ya dramu mara nyingi kadiri itakiwavyo. Mashine hiyohiyo huchapisha kutoka kwenye kompyuta na hutuma nyaraka kwa barua pepe.

Jambo hili limempa fundi kipimo kipya chepesi. Mstari mweusi ukionekana, atoe nakala moja, kisha achapishe ukurasa mmoja kutoka kwenye kompyuta. Mstari ukiwa kwenye nakala tu, aghalabu kosa liko kwenye kioo cha kusomea, au kwenye ule ukanda mwembamba wa kioo ambao karatasi hupita juu yake. Huenda kitambaa safi kikatosha. Ukiwa kwenye zote mbili, na atazame upande wa dramu, tona na kisafishio chake.

Jambo jingine ni mtandao. Mteja husema mashine imeharibika, kumbe nywila ya barua pepe imebadilishwa na mashine haikuarifiwa, au anwani yake ya mtandao imegongana na ya kifaa kingine. Hapa bisibisi haifai kitu. Anayerejea asione haya kumwomba kijana wa nyumbani amfundishe misingi ya mtandao. Elimu haina umri, na mwana kumfundisha mama yake ni katika wema.

Pwani na afya ya fundi

Hali ya hewa yetu ina mambo yake. Unyevu wa masika huingia kwenye karatasi, nayo ikajikunja na kukwama, na chumvi ya upepo wa bahari hula chuma. Fundi mwerevu humshauri mteja asifungue bunda la karatasi mpaka atakapolihitaji, na asiiweke mashine kando ya dirisha. Nasaha kama hizo humjengea fundi imani kwa mteja kuliko vipuri kumi.

Nayo afya ya fundi ni amana. Achomoe umeme kabla ya kutia mkono ndani. Sehemu ya kuyeyushia tona hufikia joto linaloweza kubabua ngozi, kwa hivyo aiache ipoe kwanza. Tona iliyomwagika isifyonzwe kwa mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi, kwani unga wake ni laini na hupenya chujio ukatawanyika hewani. Ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikishika mikononi au kwenye buibui, ioshwe kwa maji baridi, kwani ya moto huiyeyusha ikang'ang'ania. Mwenye mimba au maumivu ya mgongo asinyanyue mashine nzito. Na aombe usaidizi bila kusitasita.

Siri za watu

Fundi wa fotokopi huona ambayo wengine hawayaoni: hati za talaka, majibu ya hospitali, orodha za mishahara, mitihani ambayo bado haijafanywa. Isitoshe, mashine nyingi za kisasa zina diski inayoweza kuhifadhi sura za nyaraka zilizopita. Mashine ikiuzwa au ikirudishwa kwa mwenyewe bila diski kufutwa, siri za watu huondoka nayo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi hubeba dhima ya habari za watu ilizonazo. Fundi anayemkumbusha mteja kufuta diski anamwokoa na balaa.

Lakini kabla ya sheria ya nchi, sisi tuna mafunzo yetu. Katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) kilichomo katika Sura ya Al-Qasas, binti wa mzee wa Madyan alimpendekezea babake amwajiri kijana yule kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kwa fundi, nguvu ni ujuzi wake. Uaminifu ni kutosoma kisichomhusu, kutobadilisha kipuri kizima ili kumtoza mteja, na kutosema nyumbani alichokiona ofisini.

Makubaliano ya nyumbani

Aghalabu kizuizi kikubwa zaidi hakiko ndani ya mashine. Ni wajibu tukumbushane kwamba, katika sheria yetu, masurufu ya nyumba ni juu ya mume, hata mke akiwa na kazi. Na chumo la mke ni mali yake. Akisaidia, hiyo ni hisani na ina thawabu. Jambo hili likieleweka mapema, na kusemwa kwa upole, ugomvi mwingi huepukwa.

Vilevile wakae chini wapange: nani atawapokea watoto wakitoka madrasa, chakula cha mchana kitapikwa lini, na siku mteja akipiga simu jioni itakuwaje. Tusimtwike mama zamu mbili, moja ya ofisini na moja ya jikoni, kisha tukashangaa akichoka. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, basi hakuna mwanamume atakayepungukiwa kwa kuosha sahani.

Kuhusu stara, kazi hii ina njia zake. Fundi aombe mlango wa chumba cha mashine uachwe wazi, apange ziara katika saa za kazi, na ikiwezekana afuatane na mwenzake. Skuli za wasichana, madrasa, zahanati na ofisi zenye wafanyakazi wanawake zaweza kuwa wateja wazuri wa mwanzo, na huenda zikafurahi kumpata fundi mwanamke.

Hatua za kuanzia

Ni vyema kuanza kwa udogo. Aombe kufuatana na fundi mwenye uzoefu au karakana inayoaminika kwa wiki kadhaa, hata kwa nauli tu, ili mkono uzoee tena. Mwenye ujuzi asiye na cheti aulizie mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo huwapima mafundi kwa vitendo katika fani mbalimbali. Vifaa vya mwanzo si vingi: seti ya bisibisi, brashi laini, vitambaa visivyoacha nyuzi, kipima umeme na tochi. Vinunuliwe kwa akiba au kwa zamu ya mchezo wa kina mama, wala si kwa mkopo wa riba.

Na awe mkweli kwa nafsi yake kuhusu soko. Shughuli nyingi za serikali na bandari zimehamia kwenye kompyuta, na karatasi imepungua. Hata hivyo skuli zingali zinachapa mitihani, mawakili wangali wanatoa nakala za hati, na maduka ya fotokopi yangali yana foleni. Fundi anayejua mashine na mtandao kwa pamoja atapata nafasi. Anayejua dramu peke yake itambidi aongeze elimu.

Miaka ya ulezi haikupotea. Aliyelea watoto amejifunza subira, kusikiliza malalamiko bila kuhamaki, na kugundua chanzo cha kilio kabla ya kutafuta dawa. Na fundi huhitaji yayo hayo kila siku mbele ya mashine na mwenyewe. Kwa dada anayekitazama cheti chake leo, tunasema: kitoe kabatini, wasiliana na watu wa nyumbani kwako, uswali istikhara, kisha uanze. Mwenyezi Mungu azibariki chumo za halali na awahifadhi watoto wetu. Amin.