Yanafanana Sauti, Hayafanani Ukoo

Wanachuo wenzangu, kila msimu wa kuomba nafasi za fildi unapokaribia, watu huniletea barua zao za maombi nizipitishie macho kabla hazijatumwa. Wa mwaka wa mwisho huleta ripoti. Nimesoma nyingi sasa, na nimegundua kwamba makosa mazito ya sarufi si mengi kama tunavyosemwa. Yanayojirudia ni ya maneno yanayofanana sauti. Mtu anaandika "loose" akimaanisha kupoteza, "principle" akimaanisha mkuu wa chuo, "stationary" akimaanisha duka tunalotolea kopi.

Kompyuta haimsaidii. Programu ya kukagua tahajia huweka mstari mwekundu chini ya neno ambalo halipo, na "loose" lipo, tena ni neno zuri tu, ila si la pale. Barua inakwenda hivyo hivyo, na huko inakokwenda kuna mtu mwenye rundo mezani anayetafuta sababu ya kulipunguza.

Dawa tuliyopewa tangu sekondari ni kukariri. Tatizo la kukariri, si mnajua, ni kwamba jozi kumi zinakaa vizuri kichwani usiku wa msuli, halafu asubuhi kwenye mtihani zinageuka. Mimi nimeona afadhali kuuliza neno limetoka wapi. Ukiuliza hivyo, maneno haya yanaangukia mafungu matatu: ndugu wa tumbo moja waliotengana, wageni waliokutana njiani, na yale ambayo Mwingereza anayatofautisha vizuri lakini sikio letu linayaunganisha. Kila fungu lina dawa yake.

Ndugu wa tumbo moja

Tuanze na "stationery" na "stationary", maana hapa chuoni hakuna anayeishi bila steshenari. Yote mawili yametokana na neno la Kilatini "statio", mahali pa kusimama. Katika Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walitembeza bidhaa zao. Lakini kwenye miji ya vyuo vikuu kama Bologna na Paris, katika karne ya 13, walikuwepo wauza vitabu wenye kibanda cha kudumu. Kila mmoja aliitwa "stationarius", mtu wa kusimama mahali pamoja.

Kazi yao mtaitambua mara moja. Mashine ya kuchapa vitabu ilikuwa bado haijafika Ulaya, hivyo "stationarius" aliweka nakala iliyohakikiwa ya kitabu, akaigawa vipande vipande. Mwanafunzi alikodi kipande, akanakili kwa mkono, akarudisha, akachukua kinachofuata. Chuo ndicho kilichopanga bei ya kukodi. Biashara ya madesa, ndugu zangu, ina zaidi ya miaka 700.

Waingereza walimwita mtu huyo "stationer", na jijini London chama cha wafanyabiashara hao kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za "stationer" zikawa "stationery", kwa mwisho ule ule wa "baker" na "bakery". Kwa hiyo herufi "e" imekaa pale kwa sababu kuna mfanyabiashara ndani ya neno. "Stationary" yenyewe ilibaki na mwisho wa Kilatini na maana ya asili, yaani kisichosogea. Gari lililosimama kwenye foleni ni "stationary". Kalamu na karatasi ni "stationery".

Jozi ya pili ni "principal" na "principle". Babu yao ni "princeps", neno la Kilatini lililoundwa kwa "primus", wa kwanza, na "capere", kuchukua. Ni yule anayechukua nafasi ya kwanza. Mtoto mmoja alirithi cheo: "principal" ni kikuu. Ni mkuu wa chuo, ni sababu kuu, na wenye mkopo wa Bodi sikilizeni vizuri, ni kiasi chenyewe ulichokopa kabla hakijaongezwa kitu. Mtoto wa pili alirithi mwanzo: "principle" ni msingi au kanuni ambayo mengine husimama juu yake. Kipimo chake ni rahisi. "Principle" ni nomino siku zote. Ukiona neno linaieleza nomino nyingine, kama "principal reason", basi ni la "-pal", usihangaike.

"Discreet" na "discrete" nayo yametoka kwenye kitenzi kimoja, "discernere", kutenganisha, kupambanua. Mtu "discreet" anapambanua la kusema na la kunyamazia, ana siri. Vitu "discrete" vimetengana kimoja kimoja. Waliosoma takwimu wanajua: idadi ya wanafunzi darasani ni "discrete" kwa sababu hakuna nusu mwanafunzi, ila urefu wao si hivyo. Tena tahajia yenyewe inasaidia, maana katika "discrete" herufi "t" imesimama katikati ikizitenga "e" mbili.

"Complement" na "compliment" yana baba mmoja, "complere", kujaza. La kwanza limebaki karibu na baba: ni kinachokamilisha kingine. Wachumi wanatuambia chai na sukari ni bidhaa zinazokamilishana, na hapo tahajia ni ya "e", kama katika "complete". La pili lilizunguka. Lilipita Uhispania na Italia, ambako kutimiza kulikuja kumaanisha kutimiza adabu, kumpa mtu heshima yake, ndipo likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa likiwa na maana ya sifa au pongezi. Kitu cha "complimentary" ni cha bure, kimetolewa kwa heshima tu. Ukienda kwenye kongamano hotelini ukaona "complimentary breakfast", kunywa chai yako kwa amani.

Hata "flour", unga, na "flower", ua, yalikuwa neno moja. Unga laini kuliko wote uliitwa ua la nafaka, kama sisi tunavyoweza kumwita mtu ua la darasa. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755 bado hakuyatenganisha.

Dawa ya fungu hili ni kumtafuta mzazi. Ukishamjua, utaona kila mtoto amerithi nini, na herufi inayobadilika inakuwa na sababu.

Wageni waliokutana njiani

Fungu la pili ni gumu kidogo kwa sababu maneno yake hayana undugu wowote. Yalianza yakiwa na sauti tofauti, yakakutana baadaye.

Chukua "knight", askari wa farasi, na "night", usiku. Katika Kiingereza cha zamani "k" ya mwanzo ilitamkwa, na "gh" ilikuwa sauti ya kooni inayokaribiana na "kh" ya wazee wa pwani wanaposema "kheri". Hakuna aliyeweza kuyachanganya. Vivyo hivyo "write" ilitamkwa kwa "w" yake. Maana yake ya kale ilikuwa kuchora au kukwaruza alama kwenye kitu kigumu. "Right", sahihi, ni neno jingine kabisa la Kiingereza cha kale, na "rite", ibada au desturi, lilitoka kwenye "ritus" la Kilatini. Matatu haya yamekutana mdomoni tu.

Kilichotokea ni hiki. William Caxton alipeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, na vitabu vilipoenea tahajia ikaanza kuganda. Lakini matamshi hayakuganda. Kati ya miaka ya 1400 na 1700, kwa makadirio, irabu ndefu za Kiingereza zilihama, moja ikaenda mahali pa nyingine. "Meet", kukutana, na "meat", nyama, zilikuwa na irabu mbili tofauti, ndiyo maana moja ina "ee" na nyingine "ea". Irabu hizo zilikuja kuungana, herufi zikabaki pale pale. Kwa hiyo Mwingereza wa leo anaandika sauti za mababu zake na kusoma za kwake.

Sisi hatukuzoea hali hiyo. Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilisanifishwa juzi tu, baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, kwa hiyo bado inafuatana na mdomo. Hata hivyo nasi tuna yetu: paa la nyumba na paa wa porini yanaandikwa sawa, ingawa wapo wasemaji wa pwani wanaomtamka mnyama kwa pumzi zaidi kwenye "p". Wengine wetu tumeiacha tofauti hiyo, na maandishi hayatukumbushi.

Kwenye fungu hili wamo pia "their" na "there", wasumbufu wakubwa wa ripoti za fildi. "There", pale, ni Kiingereza tangu kale, na lina mwisho ule ule wa "here", hapa. "Their", yao, lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kukaa Uingereza, pamoja na "they". Andika "they", utaona "the" na "i" ya "their" zinavyofuata. Wamo "council" na "counsel" vilevile, ambayo Kilatini yalikuwa "concilium", mkutano ulioitwa, na "consilium", ushauri. Baraza letu la wanafunzi ni la "c". Anayekushauri, na wakili anayekusimamia mahakamani, ni wa "s".

Hapa usitafute mzazi mmoja, hayupo. Mtafutie kila mmoja jamaa zake: "write" na "written", "here" na "there". Neno likiwa peke yake linapotea, likiwa na ukoo wake linakumbukwa.

Masikio yetu

Fungu la tatu halimo kwenye vitabu vingi vya Waingereza, kwa sababu kwao si tatizo. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Zikifika kwetu lazima zibanane. "Hat", "hut", "heart" na "hurt", kofia, kibanda, moyo na kuumiza, kwa wengi wetu zote ni "hati". "Live" na "leave" zinakuwa "livu", na hapo ndipo mtu anaandika kwamba anatarajia "to live the university" mwezi wa saba. Anataka kuondoka, amesema ataishi.

Hilo si ujinga, ni sikio lililolelewa na lugha yake, na kila mwanadamu analo. Dawa yake ni kuliona neno kwenye maandishi mara nyingi, kwa sababu sikio peke yake halitakuambia. Soma vitabu vyenyewe, usiishie kwenye madesa.

Lakini zipo jozi tunazozionea huruma bure. "Advice", ushauri, ina "s". "Advise", kushauri, inatamkwa kwa "z". "Loose", kilicholegea, ina "s". "Lose", kupoteza, inatamkwa kwa "z". Kiswahili kina sauti zote mbili, na hakuna kati yetu anayechanganya saa na zaa. Sema neno kwa sauti kabla ya kuandika. Ukisikia "z" ni kitenzi, "advise" na "lose".

Kuna jambo moja zaidi. Kwenye semina zetu wapo watu wenye hoja nzito ambao hawanyanyui mkono mwaka mzima, kwa sababu siku moja walikosea neno na darasa likacheka. Tunapoteza hoja hizo sote. Ukishajua kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kuandika unga na ua kwa neno moja, na kwamba tahajia yao imejaa sauti zilizokufa, unaona hakuna cha kuchekana hapo. Mrekebishe mwenzako kimya kimya, kisha msikilize anachosema.

Kwa wanaotuma barua wiki hizi: soma barua yako mara moja ukitafuta maneno haya tu, bila kuangalia kingine. Ukilifikia neno la mashaka, jiulize lipo fungu gani. Na kama una jozi nyingine inayokusumbua, ilete ofisi ya jarida tuitafutie ukoo wake toleo lijalo.