Ufa mmoja unavyoidhoofisha boriti ya chuma

KATIKA mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, mabango mengi hayakai juu ya boriti za chuma, bali huning'inizwa pembeni mwake. Mzigo uliokaa juu ya boriti huipinda tu, lakini uliokaa pembeni huisokota pia, mithili ya mtu akamuaye nguo aliyoifua. Msokoto huo ni hatari ambayo jicho haliioni.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Tuchukue bango la kilo 400 lililoning'inia nusu mita kutoka katikati ya boriti iliyoshikwa ukutani kwa mwisho mmoja. Uzito wake ni takriban nyutoni 4,000. Zidisha kwa nusu mita, msokoto ni nyutoni-mita 2,000, yaani nyutoni-milimita milioni mbili.

Boriti yenyewe ni bomba la mraba la milimita 100 kwa 100, unene milimita 5. Kanuni aliyoitoa mhandisi Mjerumani Rudolf Bredt mwaka 1896 ni hii: gawanya msokoto kwa mara mbili ya eneo lililozungukwa na kuta, kisha kwa unene wa ukuta. Eneo hilo, likipimwa katikati ya unene, ni 95 kwa 95, sawa na milimita za mraba 9,025. Mkazo unaopatikana ni nyutoni 22 kwa milimita ya mraba. Chuma cha ujenzi cha daraja la 275 huanza kulegea kwa msokoto kinapokaribia 159, hivyo boriti ni salama.

Sasa fundi analipasua bomba hilo kwa urefu wake wote ili apitishe nyaya za taa (ingawa angeweza kuzipitishia nje). Chuma alichokiondoa ni kidogo mno, lakini mzunguko wa kuta umekatika na bomba limegeuka kuwa bati lililokunjwa. Kanuni ya Bredt haifai tena. Sharti msokoto uzidishwe kwa tatu, kisha ugawanywe kwa jumla ya upana wa kuta, milimita 380, na kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 25. Jibu ni takriban 630, zaidi ya mara 28 ya mkazo wa awali.

Boriti za umbo la herufi I nazo zina udhaifu huo, japo husifika kwa kubeba mzigo wa juu. Bomba lililokwisha kupasuliwa hurudishiwa nguvu kwa kuchomelea ufa wote bila kuacha pengo.