Kuondoa Vyombo Chakavu Nyumbani Bila Kuvunja Sheria

Kila nyumba hufikia siku ambayo friji haipoozi tena, godoro limebonyea na kochi limeishiwa miguu. Vitu vikubwa vya namna hii haviingii katika ndoo ya taka, wala si kila gari la taka hukubali kuvibeba. Ndipo baadhi ya watu husubiri giza, wakavitupa mtaroni, kando ya barabara au ukingoni mwa mto. Kwetu sisi wa mpakani, jambo hili lina uzito wa ziada. Mto Sio, ambao kwa sehemu ni mpaka wa Uganda na Kenya, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kinachotupwa upande mmoja hunywewa upande wa pili.

Katika Uganda, Katiba, kwa Ibara ya 39, humpa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 nayo humwekea mwenye taka wajibu wa kuhakikisha kwamba zinaondolewa kwa njia salama. Anayefanya biashara ya kusafirisha taka hutakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kumlipa kijana mwenye mkokoteni, kisha kutouliza anakwenda kuvitupa wapi, si njia ya kuukwepa wajibu huo.

Madhara yenyewe si madogo. Friji iliyotelekezwa huwavutia watoto wanaocheza. Mtoto akijifungia ndani hukosa hewa upesi, na kelele zake hazisikiki nje. Kwa hiyo, kabla hujaiweka uani, ng'oa mlango wake. Godoro la sponji likichomwa hutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi, sumu ziuazo. Televisheni za kichogo zina risasi katika vioo vyake, na betri za gari zina risasi pamoja na asidi kali. Matairi hutunza maji ya mvua, na mbu huzaliana humo.

Ufanyeje basi? Kwanza, jiulize kama chombo kinaweza kutengenezwa au kumfaa mwingine. Seremala huweza kukiokoa kitanda, na fundi huweza kuifufua friji. Pili, tenganisha mbao, chuma na vifaa vya umeme, kwa kuwa kila kimoja kina njia yake. Usikate mabomba ya friji mwenyewe: gesi iliyomo katika friji za zamani huharibu tabaka la ozoni, na ile ya baadhi ya friji mpya hushika moto. Mwachie fundi mwenye ujuzi. Tatu, mwone mwenyekiti wa LC1 au ofisi ya afya ya manispaa, uelekezwe mahali palipoidhinishwa na mbebaji anayetambuliwa.

Ukiuza au ukitoa bure, andikeni hati ya makabidhiano. Itaje aina ya chombo na namba yake ya kiwandani, tarehe, majina na namba za simu za pande zote mbili, pamoja na sahihi ya shahidi. Karatasi hiyo ndogo ina manufaa makubwa. Fikiria mnunuzi wa vyuma chakavu anayesimamishwa usiku akiwa na friji juu ya bodaboda: bila hati, atathibitishaje kwamba hakuiiba? Nawe, chombo chako kikikutwa mtoni, utaonyeshaje kwamba ulikikabidhi kwa halali? Kabla ya kutoa kompyuta au simu, futa kumbukumbu zako zote, zisije zikaangukia mikononi mwa matapeli.

Kuvusha taka mpakani ni jambo jingine kabisa. Uganda, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari baina ya nchi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za umeme na elektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, huhitaji idhini ya maandishi ya nchi husika kabla ya kuvushwa. Kupitia njia ya panya na televisheni mbovu ili kuziuza ng'ambo huweza kuzaa makosa mawili: la forodha na la mazingira. Hata chombo kizima kilichotumika, waulize maafisa wa forodha kabla hujakivusha.

Ukiona gari likimwaga taka usiku, usijichukulie sheria mkononi. Kumbuka mahali, saa na namba ya gari, kisha umjulishe afisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 au 112 ikiwa kuna hatari ya papo hapo. Walio ng'ambo nao wawaarifu polisi wa kwao, kwa kuwa mto tunaoulinda ni mmoja.