Injini Haidanganyi Asubuhi!

Umejibana miaka miwili, mchana unakula chipsi kavu, na sasa mkwanja umetimia. Macho yako kwenye Toyota Premio nyeupe: rimu zinang'aa, muziki unapiga mpaka kifua kinatetemeka. Dalali kila neno anakuita "bosi". Poa, lakini tulia kwanza, kijana! Rangi hupigwa kwa siku moja, injini mbovu itakutoa jasho mwaka mzima.

Kwanza, nenda asubuhi na mapema. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini imewashwa kabla hujafika. Mgonjwa aliyekwisha kunywa panadol haonyeshi homa.

Sasa piga stata, mshikaji wako asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka kidogo mwanzoni kisha ukakata, huenda ni sili za valvu. Ukizidi kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni zimechoka. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia ndani. Shuku gasketi ya silinda hedi. Mweusi, gari linabugia petroli.

Zima, subiri dakika chache, chomoa stiki ya oili. Ikiwa chini ya alama, kuna jambo. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana. Rejeta ifungue ikiwa imepoa tu, usije ukaungua uso.

Na Premio ina lake. Za cc 1,800 zilizoanza kutoka 2001 zina injini ya 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba kwa masizi kazi imeanza. Wajanja humwaga oili nzito kuficha moshi na kelele. Dawa yake? Endesha nusu saa. Oili ikipata moto hulainika, na siri hutoka.

Mwisho, mlipe fundi wako, siyo wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Namba zikipishana sana, aga uondoke.

Muuzaji akikataa fundi asiguse gari, ameshakujibu. Panda daladala urudi nyumbani na hela yako mfukoni. Premio ziko nyingi mjini, mbuzi kwenye gunia mwachie mwingine!