Mashini ya kusaga: nyundo ao sahani?

Kila musimu wa mavuno ukiisha, koperative zinatuuliza: mufuko umejaa kidogo, tununue mashini gani ya kusaga? Wengi wanaanza na bei, kisha wanauliza nguvu za farasi. Sisi tunaomba muulize kwanza mambo mawili: mutasaga nini, na kipande kikivunjika mutakipata wapi?

Sokoni munakuta aina mbili. Mashini ya nyundo ina vipande vya chuma vinavyozunguka mbio sana, mara 3000 hivi kwa dakika. Vinapiga mbegu mpaka unga upite katika chekeche, ile bati ya matundu. Mashini ya sahani ina sahani mbili zenye meno: moja imesimama, ingine inazunguka polepole, na mbegu inasagika katikati.

Kwa muhogo na mahindi makavu, sisi tunapendelea nyundo. Inamaliza kazi haraka. Lakini inataka vitu vikavu kweli. Muhogo wenye maji unaziba chekeche, mukanda unateleza, injini inalia na mazutu yanakwenda bure. (Na tusidanganyane: hakuna mashini inayotoa sumu ya muhogo muchungu. Siku tatu za kulowesha zinabaki palepale, hata wateja wakiwa wamepanga mustari mulangoni.)

Kama kwenu watu wanaleta mahindi yaliyoloweshwa, ao karanga, basi sahani njo yenu. Haiombi nguvu nyingi. Ubaya wake ni kwamba meno yanalika, na chembe za chuma zinaingia katika unga. Musiiache izunguke bila mbegu ndani, na mukiisha kuweka sahani mpya, unga wa kwanza musiule.

Turudi kwa nyundo, maana hapo njo pesa inapotelea. Nyundo ya bapa ina kona nne. Moja ikilika, munaigeuza. Zote zikiisha, fundi wa kuchomelea anaweza kukata zingine katika resori ya gari, lakini azipime kwa kilo: zile zinazoelekeana ziwe na uzito mumoja. Bila hivyo mashini inatetemeka mpaka muhimili unaharibika. Chekeche ya matundu ya milimeta 1 inatoa unga wa bugali. Ya milimeta 3 ni ya chakula cha kuku. Matundu yakiwa madogo, kazi inakuwa polepole na mazutu yanaongezeka. Muuzaji akiwapa chekeche moja tu, dai ya pili mbele ya kulipa. Tena asiwashawishi kubadilisha puli ili mashini ikimbie kupita kipimo chake: nyundo ikichomoka, inatoboa bati na kuua mutu. Mukanda nao ufunikwe, sababu unavuta kitenge na mukono.

Injini ya farasi 12, ikifanya kazi kwa nguvu yote, inakunywa karibu litre 2 na nusu za mazutu kwa saa. Kwa hiyo musikubali kuonyeshwa mashini inayozunguka bure. Bebeni gunia lenu wenyewe la muhogo, mupime mazutu mbele na nyuma, muangalie saa, kisha mugawanye bei ya mazutu kwa hesabu ya mabeseni yaliyosagwa. Kama bei hiyo inapita ile wamama wanalipa leo kwa beseni, mashini hiyo muiachie muuzaji.