Sindano ya Uzazi wa Majira na Jibu Lililopatikana kwa Jirani Zetu



Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo una hekima yake, lakini katika mambo ya afya umewahi kuwapotosha wengi. Kwa miaka mingi, katika nchi yetu na katika nchi za jirani, ilisemwa kwamba sindano ya uzazi wa majira, ile ambayo mwanamke huchomwa mara moja kila baada ya miezi mitatu, inawafungulia mlango virusi vya UKIMWI. Wengine waliyasema hayo vijiweni, na wengine, tena wataalamu wenye sifa, waliyasema katika mikutano ya kitabibu. Leo tunaeleza jinsi swali hilo lilivyopatiwa jibu, si na wanaosema, bali na waliopima.

Jambo hili linawahusu askari kwa karibu. Askari huhamishwa, huenda mafunzoni, doria na operesheni kwa miezi mingi, na mkewe hubaki na malezi ya nyumba. Njia ambayo haihitaji kukumbukwa kila siku kama vidonge, na ambayo huzuia mimba kwa miezi mitatu, imezifaa familia nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo, ikiwa ina hatari, hapana budi hatari hiyo ijulikane. Na ikiwa haina, si haki kuwatia watu hofu ya bure.

Kwanza tueleze namna sindano hiyo inavyofanya kazi. Chini ya ubongo wa binadamu ipo tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Kwa mwanamke, tezi hiyo humimina katika damu vichocheo viwili ambavyo ni kama amri zitokazo makao makuu. Kimoja hukuza yai; cha pili hupanda kwa ghafla katikati ya mwezi, na yai likaachiliwa. Yai likishatoka, kokwa ya mayai hutengeneza kichocheo kiitwacho projesteroni, nacho huirudishia tezi taarifa kwamba kazi imekwisha, itulie. Ndani ya sindano ile mna dawa iitwayo medroksiprojesteroni, miligramu 150, inayofanana na projesteroni. Dawa hiyo hukaa katika msuli na kuingia katika damu kidogo kidogo. Tezi hupokea taarifa ile ile ya kutulia, amri ya katikati ya mwezi haitolewi, na yai halitoki. Kadhalika, ute wa mlango wa mji wa mimba huwa mzito, hata mbegu za mwanamume zisipite kwa urahisi.

Pengine msikilizaji atauliza: hayo yalijulikanaje, iwapo vichocheo havionekani kwa macho? Vichocheo hupatikana katika damu kwa kiasi kidogo mno, hata hupimwa kwa sehemu za bilioni moja za gramu. Njia ya kuvipima ilifunguliwa mjini New York, mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson, walipotumia madini yenye mnururisho kupima kiasi cha insulini katika damu. Berson alifariki mwaka 1972, na mwaka 1977 Yalow alipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo maabara ziliweza kutazama damu ya mwanamke na kujua kama yai limetoka: likitoka, projesteroni hupanda; lisipotoka, hubaki chini.

Mashaka juu ya sindano hii hayakuzuka bila sababu. Chini ya utawala wa makaburu huko Afrika Kusini, na chini ya walowezi wa Rhodesia, sindano hii ilisukumwa kwa wanawake Waafrika na serikali zilizoiogopa idadi ya watu wetu. Ndiyo maana mwaka 1981, muda mfupi baada ya kupata uhuru, Zimbabwe iliipiga marufuku. Huko Marekani kwenyewe, dawa hii haikuidhinishwa kwa kuzuia mimba mpaka mwaka 1992. Watu waliokwisha kutendewa hivyo wana haki ya kuuliza maswali.

Maabara nazo zilikuwa na maswali yao. Ilionekana kwamba medroksiprojesteroni haishiki vipokezi vya projesteroni peke yake katika chembechembe za mwili, bali hushika pia vipokezi vya kotisoli, ambayo ni kichocheo chenye kupunguza makali ya kinga ya mwili. Je, haikuwezekana basi kwamba sindano inawapunguza walinzi langoni? Mwishoni mwa mwaka 2011 ikatolewa ripoti ya uchunguzi wa wenzi 3,790 katika nchi saba za Afrika. Ilionyesha kwamba wanawake waliotumia njia za vichocheo, hasa sindano, waliambukizwa mara mbili hivi kuliko wasiozitumia. Hofu ikaenea.

Lakini ripoti ya namna hiyo ina udhaifu ambao askari ataufahamu upesi. Tuchukulie kwamba kikosi kimeletewa viatu vya aina mpya, na kila askari ameachiwa achague mwenyewe. Baada ya miezi sita yaonekana kuwa waliovaa viatu vipya wana majeraha mengi zaidi miguuni. Je, viatu ni vibaya? Huenda. Lakini huenda pia waliovichagua ndio waliotumwa milimani, na wenzao walibaki kambini. Vivyo hivyo, mwanamke aliyechagua sindano huenda hatumii mipira, au mume wake husafiri sana. Anayetaka kujua ukweli juu ya viatu hana budi kuvigawa kwa kura, ili wa milimani na wa kambini wachanganyike sawasawa.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika.  Kati ya Desemba 2015 na Septemba 2017, wanawake 7,829 wenye umri wa miaka 16 hadi 35, wasio na virusi na waliokuwa wakitaka kuzuia mimba, waliandikishwa kwa hiari yao katika vituo 12 vya Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini. Kituo cha Kenya kilikuwa Kisumu, na cha Zambia kilikuwa Lusaka. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa sindano, wa kitanzi cha shaba kisicho na kichocheo chochote, na wa kipandikizi cha mkononi chenye kichocheo cha aina nyingine. Walifuatiliwa hadi miezi 18, wakipimwa damu, wakipewa ushauri na mipira.

Matokeo yalichapishwa tarehe 13 Juni, 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet. Walioambukizwa walikuwa 143 katika kundi la sindano, 138 katika kundi la kitanzi, na 116 katika kundi la kipandikizi. Tofauti hizo hazikutosha kuthibitisha kwamba njia moja ni ya hatari kuliko nyingine. Zaweza kuwa za bahati tu. Uchunguzi huo uliandaliwa ili ugundue ongezeko la hatari la nusu nzima, yaani asilimia 50, na ongezeko la kadiri hiyo halikuonekana. Ni kweli kwamba hauwezi kufuta kabisa uwezekano wa tofauti ndogo, nao wataalamu walilisema hilo wazi. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanawake walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa wanaweza kutumia njia zote hizo bila kizuizi.

Ndugu wasikilizaji, wako waliosikia jibu hilo wakaona mambo yamekwisha. Sivyo. Jumlisheni hesabu zile tatu, mtapata wanawake 397. Hao ni karibu wanne katika kila mia kwa mwaka, nao walikuwa wanawake waliopewa ushauri, mipira na uangalizi wa waganga. Sindano haikuwaletea virusi, lakini pia haikuwakinga; wala kitanzi hakikuwakinga, wala kipandikizi. Kuzuia mimba ni kazi moja, na kuzuia maambukizo ni kazi nyingine. Mlinzi wa lango la mashariki hawezi kulaumiwa wala kutegemewa kwa lango la magharibi.

Na virusi vile vilitoka wapi? Havikutoka katika chupa ya dawa. Vilitoka kwa wanaume. Hapo ndipo habari ya Kisumu na Lusaka inapoingia katika kila kambi na kila kituo cha polisi. Askari arudipo kutoka safari ya miezi sita, usalama wa mkewe hauko katika sindano ya zahanati. Uko katika mwenendo wake mwenyewe na katika kupima damu. Akikutwa na virusi, dawa zipo, na mtu anayezitumia barabara hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mpira nao bado ni silaha, na vipo vidonge vya kujikinga kwa aliye katika hatari.

Aidha, wenzi wanaotumia sindano wafahamu kwamba hedhi yaweza kubadilika, na kwamba baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, pengine kwa miezi mingi. Huko si kuharibika kizazi. Ni dawa inayoisha polepole. Wanaotarajia mtoto karibuni na wamwone mganga mapema.

Jirani zetu wamelijibu swali moja kwa kura, kwa damu iliyopimwa na kwa hesabu iliyowekwa wazi. Swali lililobaki halijibiwi maabara. Linamngoja kila mmoja wetu nyumbani kwake.